Kabla ya kuota miwani janja, uliza taa yako inamtii nani

Hiyo video umeiona. Jamaa ameketi kwenye kochi, miwani usoni, simu hana mkononi. Anatazama taa, anabana vidole viwili, taa inazima. Anageukia feni, anazungusha mkono kama mtu anayefungua mfereji, feni inaongeza kasi. Kufikia wakati inatua kwenye WhatsApp yako imeshapitia magrupu matano, na mtu ameandika chini yake: "Hii ikifika Kisumu, tumemaliza."

Mimi nilitumiwa video hiyo nikiwa kwenye matatu, nikielekea Seme kumwona dani, nyanya yangu mzaa baba. Usiku, tukiwa katikati ya ugali na omena, taa zake mbili za sola na redio zikazima kwa mpigo. Hakuna waya uliokatika. Betri ilikuwa imejaa maana jua liliwaka mchana kutwa. Siku alizokuwa amelipia ndizo zilizoisha. Kampuni sitaitaja, na hata haikukosea, kwa sababu mkataba ndivyo ulivyosema.

Dani hakushtuka. Aliinuka, akapapasa rafu, akawasha koroboi. "Nyakwara, kula," akaniambia. "Wenye taa wamechukua taa yao."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama ile video kwa jicho lingine. Jamaa wa kwenye kochi anazima taa kwa macho, na sisi tunashangaa. Lakini huko Seme kuna mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo nyumbani, na anaweza kuzima taa ya dani bila hata miwani. Kwa hivyo swali la miwani janja kwetu sisi wa kando ya ziwa halianzi na miwani yenyewe. Linaanza na taa.

Miwani inaongea na taa vipi?

Wacha kwanza tuelewe mashine. Miwani ya aina hii si ya jana. Google ilianza kutoa Google Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500, watu wakaicheka, na mwaka 2015 ikaacha kuiuzia umma. Amazon ilitangaza Echo Frames mwaka 2019, miwani isiyo na kamera unayoiambia kwa sauti iwashe au izime vitu vya nyumbani. Mwaka 2023 Ray-Ban Meta zikaja kwa bei ya kuanzia dola 299, zikiwa na kamera, spika na akili unde. Juni 2025 Xiaomi ikazindua yake nchini China kwa yuan 1,999. Kisha Septemba 2025 Meta ikaonyesha Ray-Ban Display, yenye kioo kidogo ndani ya lenzi ya kulia na mkanda unaovaliwa kwenye kifundo cha mkono. Mkanda huo unasoma ishara za umeme zinazopita kwenye misuli yako, kwa hivyo ukibana vidole unajua, hata kama mkono umeuficha mfukoni. Bei yake ni dola 799. Kwa hela zetu hiyo ni kama shilingi 103,000.

Sasa, unapotazama taa na kuiambia izime, nini hasa kinatokea? Wengi wetu tunadhani miwani na taa zinazungumza moja kwa moja, kama watu wawili wanaokutana Kondele. Mara nyingi sivyo. Miwani inachukua sauti au picha na kuipeleka kwa simu iliyo mfukoni mwako. Simu inaituma kwenye mitambo ya kampuni ya miwani, pengine ng'ambo. Mitambo hiyo inakisia unachotaka. Amri inaruka hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyotengeneza taa. Hiyo nayo inairudisha kupitia intaneti ya nyumba yako, na hapo ndipo taa inazima. Ni sawa na kumtumia jirani yako wa Nyalenda kijiko cha chumvi kwa njia ya Ulaya. Kinafika haraka sana, ndiyo, lakini kimepitia mikono mingi.

Meta wenyewe waliionja hiyo safari. Tarehe 17 Septemba 2025, mbele ya watu na kamera, mpishi mmoja aliiuliza miwani yake jinsi ya kutengeneza mchuzi wa kuchovyea nyama. Miwani ikaruka hatua na kukwama hapo. Lawama ya kwanza ilienda kwa Wi-Fi. Baadaye mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo, Andrew Bosworth, alieleza kwamba mpishi alipotamka amri, miwani yote iliyokuwa ndani ya jengo iliamka kwa pamoja na kuielemea seva iliyotengwa kwa maonyesho. Yaani miwani ilikuwa nzima usoni mwa mpishi, lakini akili yake haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye seva, na seva ilikuwa imefurika.

Hilo likumbuke. Kila mkono amri inamopitia una mwenyewe, na yeyote kati yao anaweza kusema hapana.

Sisi tumeunganishwa kitambo

Kuna wanaosema mambo ya vitu vya nyumbani vilivyounganishwa na mtandao ni ya Milimani tu, kwa wenye mageti ya rimoti. Hebu tembea Manyatta au Nyalenda uhesabu.

Anza na mita ya stima ya tokeni. Unalipa kwa M-Pesa, unaletewa namba 20, unazibonyeza, stima inarudi. Mita yenyewe haihitaji intaneti ili kukuelewa. Zile namba 20 zimebeba ujumbe uliofungwa kwa siri, unaosema mita hii iongezewe kiasi hiki, na mita ina ufunguo wa kuufungua hapohapo ukutani. Mtandao ukiwa umelala, bado tokeni uliyonunua asubuhi itaingia jioni. Ni teknolojia ya kizamani na haina mbwembwe, lakini nitairudia baadaye kwa sababu ina somo.

Halafu kuna sola ya lipa pole pole. M-KOPA ilianza kuuza mitambo hiyo Kenya mwaka 2012, na ndani ya boksi kulikuwa na laini ya simu. Ukilipa, boksi linaambiwa liwake. Usipolipa, linaambiwa lilale. Kampuni nyingine nyingi zimefuata njia hiyo, na sasa mtindo huohuo umehamia kwenye simu zenyewe. Ruka malipo ya siku kadhaa, skrini inafungwa. Tusijifanye: mpango huu umeleta mwanga kwenye nyumba ambazo zingesubiri nguzo ya stima hadi leo, na umemwezesha msee wa boda kuwa na simu ya kupokea wateja. Dani mwenyewe angekwambia sola ni bora kuliko moshi wa koroboi.

Twende ziwani. Huko WeTu hukodishia wavuvi wa omena taa zinazochajiwa kwa sola, mahali pa zile za mafuta ya taa. Kwenye ufugaji wa samaki kuna Aquarech, kampuni iliyoanzia hapahapa Kisumu, ambayo huwawekea wafugaji vifaa vya kupima joto la maji. Samaki hula kulingana na joto hilo, kwa hivyo mfugaji anasoma kwenye simu ampe ngege wake chakula kiasi gani badala ya kukisia na kumwaga hela majini.

Kwa hivyo vitu vilivyounganishwa tunavyo. Tofauti yetu na jamaa wa kwenye kochi ni jinsi tulivyovipata. Yeye alivinunua ili vimtii. Sisi vingi vyetu tumevipata kwa mkopo, na vimeunganishwa hasa ili vimtii aliyekopesha.

Ukivaa kufuli usoni

Sasa chukua miwani ya shilingi 103,000. Kijana wa Kisumu ataipataje? Kwa pesa taslimu, wachache sana. Vitu vya bei hiyo vikishuka hadi kwetu, huja kwa lipa pole pole. Simu ilikuja hivyo. Friji na televisheni vimekuja hivyo. Sioni sababu miwani ije kwa njia nyingine.

Fikiria basi wewe ni fundi, umeizoea miwani kiasi kwamba ndiyo inayokusomea vipimo, kukuonyesha njia na kukulipia bidhaa. Wiki moja mvua inaharibu kazi, unakosa malipo ya siku nne. Simu ikifungwa unaiweka mezani, unaazima ya rafiki. Miwani ikifungwa, imefungwa ikiwa usoni, na kila kitu ulichokuwa ukikiendesha kwa macho kimefungwa pamoja nayo. Au mfikirie mvuvi wa omena katikati ya ziwa usiku wa manane, taa yake ikitegemea amri inayotoka kwenye ofisi ambayo haioni mawimbi.

Utasema nalipa vizuri, mimi sina wasiwasi. Hata aliyemaliza kulipa hayuko salama. Mwaka 2016 huko Marekani, kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilizima huduma ya kifaa kilichoitwa Revolv, kilichokuwa kikiendesha taa na milango ya watu. Watu walikuwa wamelipa karibu dola 300 na kuahidiwa huduma ya maisha. Kikabaki boksi tupu. Aprili 2022 wateja wa kampuni nyingine, Insteon, waliamka na kukuta mitambo yao ya nyumbani haipokei amri, bila hata barua pepe ya kuwaaga. Ilibidi kundi la wateja wenyewe liinunue kampuni hiyo ili mitambo ifufuke.

Na kuna kisa kigumu zaidi. Kampuni ya California iitwayo Second Sight ilitengeneza Argus II, kifaa kilichopandikizwa ndani ya jicho la mtu asiyeona na kufanya kazi pamoja na miwani yenye kamera. Watu zaidi ya 350 duniani waliwekewa. Hawakupata macho kamili, lakini waliweza kutofautisha mwanga na giza, mlango na ukuta. Mwaka 2019 kampuni iliacha kutengeneza kifaa hicho, na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika. Wagonjwa wakabaki na mitambo ndani ya macho yao ambayo hakuna wa kuihudumia. Hao hawakuwa na deni la mtu. Walibaki gizani kwa sababu hesabu za kampuni zilikataa.

Dani hajasoma kuhusu California, lakini angekielewa kisa hicho haraka kuliko wengi wetu.

Lakini tusiitupe pia

Sikuandikii haya ili useme miwani ni ushetani. Kuna watu hapa kwetu ambao ingewafaa kuliko jamaa yeyote wa kwenye kochi.

Wa kwanza ni mfugaji wa samaki. Novemba 2022 samaki walikufa kwa wingi kwenye vizimba vya Kisumu na maeneo jirani, na watafiti wa KMFRI wakasema chanzo ni upungufu wa oksijeni majini. Watu walipoteza mtaji wa miaka kwa siku chache. Oksijeni ya maji hupungua zaidi kuelekea alfajiri, wakati mfugaji amelala au ndio kwanza anasukuma mtumbwi. Mikono yake ina maji na unga wa chakula cha samaki, simu ameifunga kwenye karatasi ya plastiki ili isilowe. Sasa mwone mtu huyo akitazama kizimba na kuona namba juu yake: joto kiasi hiki, oksijeni inashuka, usilishe leo. Hilo bado halijafika kwenye fuo zetu, lakini vipande vyake vyote vipo. Vifaa vya kupima vipo, laini za simu zipo, miwani ipo. Hapo kutumia macho badala ya mikono kuna maana, kuliko kuzima taa ambayo swichi yake iko hatua mbili kutoka kwenye kochi.

Wa pili ni mwanafunzi asiyeona, tuseme aliyesomea Kibos au St Oda kule Aluor, ambaye sasa amepanga chumba chake mjini. Simu yake inamsomea ujumbe, hivyo tokeni ya stima anaipata. Lakini mita iliyoko ukutani haiongei. Hajui imebaki yuniti ngapi mpaka friji inyamaze. Tangu Novemba 2024, huduma ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark na inayowaunganisha wasioona na watu wa kujitolea wanaoona, inapatikana kwenye Ray-Ban Meta. Mtu anaongea tu, na mwenzake aliye mbali anaona anachokitazama na kumsomea. Mita, lebo ya dawa, maandishi ya matatu pale stejini. Kwa mtu huyo miwani si ya kujionyesha. Ni kuishi bila kumgongea jirani mlango kila jioni.

Hapo ndipo suala la lugha linaingia. Ukiambia taa "neg taya", izime, je, itasikia? Mitambo mingi hii imefunzwa Kiingereza kwanza. Kiswahili chetu cha Kisumu, chenye Dholuo na Sheng ndani yake, kinaitatiza. Wanaolishughulikia hilo hawako mbali. Chuo Kikuu cha Maseno, kilomita chache kutoka hapa, kilishiriki kukusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kisha kikaongoza upande wa Kenya katika mradi wa African Next Voices, uliorekodi takriban saa 9,000 za sauti katika lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Kidholuo kimo, pamoja na Kikuyu, Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali. Ukiwa mwanafunzi wa kompyuta na unatafuta kitu cha kufanya ambacho California haitakifanya kwa niaba yako, anzia hapo.

Na mama wa Kibuye je?

Mpaka hapa tumezungumza kama kwamba miwani inatazama vitu tu. Lakini ukiingia soko la Kibuye Jumapili nayo usoni, kati yako na vitu kuna watu. Mama wa nguo za mitumba, mtoto aliyelala chini ya meza yake, jamaa anayehesabu hela. Kamera inawaona wote. Wakati wa kurekodi, taa ndogo nyeupe huwaka pembeni mwa Ray-Ban Meta, lakini nani sokoni anajua maana ya taa hiyo? Na mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba ukiunganisha miwani hiyo na huduma za kutafuta sura kwenye intaneti, unaweza kupata jina la mtu usiyemjua na mengine mengi kumhusu, ukiwa umesimama mbele yake.

Kenya tuna sheria. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Inauma pia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa picha za watoto. Worldcoin, waliowapanga Wakenya foleni mwaka 2023 wakipiga macho picha kwa ahadi ya kama shilingi 7,000, walisimamishwa na serikali Agosti mwaka huo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza wafute data hiyo ya macho na nyuso ndani ya siku saba.

Ila kuna pengo ambalo wewe kama kijana unafaa kulijua. Sheria ya 2019 haimgusi mtu binafsi anayetumia data kwa mambo yake ya nyumbani tu. Klabu na shule zilibanwa kwa sababu ni taasisi. Msee aliyevaa miwani akirekodi stejini "kwa ajili yake mwenyewe" anaweza kujitetea kwa kipengele hicho, ingawa video yenyewe inaweza kuishia kwenye mitambo ya kampuni ya ng'ambo. Mama wa Kibuye atalazimika kwenda kortini kudai haki yake ya kikatiba, na nani atamfungia kibanda siku hiyo? Wabunge wetu, pamoja na wa Bunge la Kaunti, wana kazi hapo, na wa kuwakumbusha ni sisi tunaozitamani hizo miwani.

Kabla hujalipa deposit

Basi tufanye nini? Mimi nimejiwekea maswali manne, na siulizi kwa miwani pekee. Nauliza kwa kila kitu kinachokuja na programu na laini ndani yake, iwe sola, televisheni au kufuli la mlango.

La kwanza: intaneti ikikatika, bado kinafanya kazi yake ya msingi? Taa ambayo haiwaki bila mtandao ni taa mbovu, hata kama inazimwa kwa macho.

La pili: nikimaliza kulipa, kufuli linaondolewa kabisa, au linabaki limelala ndani? Omba jibu kwa maandishi. Ajenti akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

La tatu: kampuni ikifunga au ikinunuliwa, ufunguo unabaki na nani? Wateja wa Revolv hawakuuliza, na hata wangeuliza pengine wasingejibiwa ukweli, lakini swali lenyewe linakufanya usiweke nyumba nzima mikononi mwa kampuni moja.

La nne: kinachoonekana na kusikika kinaenda wapi, na naweza kukifuta? Sheria yetu inakupa haki ya kujua data yako inatumika vipi, kuiona, kuisahihisha na kuomba ifutwe. Haki hiyo ni bure kuiomba.

Na wewe unayejenga, pale LakeHub, Maseno au chumbani kwako Migosi, kumbuka mita ya tokeni. Mtu aliyeibuni alijua mtandao hulala, akaweka ufunguo ndani ya mita. Hakuna kinachozuia kizimba cha samaki kiongee na miwani ya mfugaji moja kwa moja kwa Bluetooth, mita chache tu, bila kuzunguka Ulaya. Hakuna kinachozuia sola ya mkopo kuacha taa moja ikiwaka hata malipo yakichelewa, ili mtoto amalize homework na nyanya asijikwae gizani. Haya ni maamuzi ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Hajayafanya kwa sababu hakuna aliyemwomba, na yeye hajawahi kula chakula cha usiku Seme.

Dani alimalizia malipo ya sola yake miezi michache baada ya usiku ule. Alinipigia simu kuniambia. Nikamuuliza kama sasa koroboi ataitupa. Akasema hapana, ameifuta vizuri na kuirudisha kwenye rafu, na mafuta yamo. Anangoja kwanza mwaka uishe, aone kama wenye taa wamekubali kweli kwamba taa ni yake.